Kufundisha Kazi Kiwandani

Ukisimama kwa muda katika gereji yoyote, msomaji, utamwona fundi mkuu ameinama juu ya injini, na kando yake kijana mmoja au wawili wakimshikia spana. Vijana hao ni wanagenzi. Huenda mmoja wao amekaa hapo mwaka mzima, na kazi anayoijua barabara mpaka sasa ni kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kutumwa chai. Fundi si mtu mbaya. Ukimwuliza mbona hamfundishi kijana, atakujibu kwamba anamfundisha kila siku. Je, kijana hatazami? Mwenye macho atajifunza. Tena yamkini moyoni mwake mna hofu asiyoitamka: kwamba siku kijana atakapoyajua yote, yeye hatahitajiwa tena.

Sasa fikiri kwamba fundi huyo ameugua, au amehamia kwa tajiri mwingine. Mwenye gereji angali na jengo lake, na jeki zake, na wateja mlangoni. Lakini injini zimelala chini vipande vipande, na hapana mtu wa kuziunga. Hapo ndipo atambuapo kwamba mali kubwa kuliko zote katika biashara yake haikuwa mali yake. Ilikuwa katika mikono ya mtu mmoja, nayo imekwenda pamoja na mikono hiyo.

Usidhani kwamba jambo hili huzipata gereji ndogo tu. Katika karne ya 20 lilizipata nchi zenye viwanda vikubwa kupita vyote duniani, na lilizipata wakati wa hatari, ambapo kukosa mafundi kulikuwa sawa na kushindwa vita. Habari ya jinsi lilivyotatuliwa yaanzia Marekani, yavuka bahari mpaka Ujapani, na matunda yake yanapita mbele ya macho yako kila siku katika barabara zetu.

Mwezi wa Aprili 1917 Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wakati huo nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha merikebu kwa wingi, na bila merikebu askari na chakula havikuweza kuvuka bahari. Basi serikali ikaamuru merikebu mpya zijengwe kwa haraka. Chuma kilipatikana, na fedha zilipatikana. Watu wa kuunga chuma hicho hawakupatikana. Ilihitajiwa idadi ya wafanyakazi mara kumi ya wale waliokuwako, na wengi wa hao wapya walikuwa hawajapata kushika nyundo ya kiwandani.

Kazi ya kuwatayarisha ilimwangukia mwalimu wa ufundi aliyeitwa Charles R. Allen. Allen aliona neno ambalo ni jepesi likisemwa, lakini wengi hulipita bila kuliona: kwamba kujua kutenda kazi ni ujuzi mmoja, na kujua kuifundisha ni ujuzi mwingine. Fundi aliyepiga ribiti kwa miaka 20 hafikiri tena anapopiga. Mkono wake wafikiri kwa niaba yake. Ukimwambia amfundishe mgeni, atayaruka mambo manne katika matano, kwa kuwa yeye mwenyewe hayaoni tena. Kwa hiyo Allen hakutafuta walimu wa darasani akawapeleka kwenye merikebu. Aliwachukua mafundi wenyewe akawafundisha kufundisha. Aliwapa hatua nne: kwanza kumtayarisha mwanafunzi, pili kumwonyesha kazi, tatu kumpa aitende mwenyewe, na nne kumpima aonekane kama ameiweza. Mwaka 1919 aliyaandika hayo katika kitabu. Vita vilikuwa vimekwisha, merikebu hazikuhitajiwa tena kwa wingi ule, na watu wakarudi katika desturi zao za zamani.

Miaka 20 ikapita. Mwezi wa Juni 1940 Ufaransa ilianguka mbele ya majeshi ya Hitler, na Marekani, ingawa ilikuwa haijaingia vitani, iliona kwamba itaombwa silaha, na kwamba siku moja yenyewe itazihitaji. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo iliundwa idara ndogo ambayo jina lake kwa Kiswahili twaweza kusema ni Mafunzo Ndani ya Viwanda. Mkuu wake alikuwa Channing R. Dooley, na msaidizi wake Walter Dietz, watu wawili waliotoka katika makampuni makubwa na walioijua kazi ya kuwafundisha wafanyakazi.

Shida ya kwanza waliyoletewa haikuwa ya mizinga wala ya ndege, bali ya vioo. Kila mzinga na kila darubini ya jeshi ilihitaji lenzi, na lenzi husuguliwa na mafundi maalumu ambao iliaminika kwamba hawapatikani mpaka wajifunze kwa miaka mitano. Nani angeweza kuwasihi maadui wangoje miaka mitano? Watu wa idara walikwenda kwenye karakana, wakakaa, wakatazama. Waliona kwamba ile iliyoitwa kazi moja ilikuwa kazi nyingi ndogondogo zilizofungwa pamoja kwa mazoea tu. Baadhi yake zilitaka ustadi mkubwa kweli kweli. Nyingine zingeweza kufanywa na mtu yeyote mwangalifu. Walipozitenga na kupanga namna ya kufundisha kila moja peke yake, muda wa kumtayarisha mfanyakazi ulishuka kutoka miaka ile mitano hadi miezi michache. Wala lenzi hazikuharibika kwa hilo.

Hapo walijua la kufanya. Walakini nchi ilikuwa na viwanda kwa maelfu, na watu wa idara walikuwa wachache. Wangefika wapi na lini? Jibu lao lilikuwa kuzidisha. Hawakujaribu kumfundisha kila mfanyakazi. Waliwafundisha wale wanaowafundisha wengine, yaani wasimamizi wa kazi, watu ambao sisi huku tuliwaita manyapara. Msimamizi mmoja akijua kufundisha vema, watu 10 au 20 walio chini yake watajua kazi. Mafunzo yenyewe yalikuwa mafupi: saa 10 tu, yaani vikao vitano vya saa mbili mbili, na katika kila kikao watu wapatao 10.

Ningependa sasa uketi pamoja nami katika kikao kimoja cha mafunzo hayo, maana ndani yake ndimo ilimo siri yote.

Mwalimu anasimama na kipande cha waya wa taa mkononi, wa aina ile ya nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Anasema atawafundisha kufunga fundo ambalo mafundi wa umeme walilitumia ndani ya kishikio cha taa ya kuning'inia. Fundo hili liliitwa kwa jina la watu wa bima ya moto, na sababu yake yaeleweka. Mtu akivuta waya, nguvu huangukia fundo na wala si zile skrubu ndogo zinazoshika ncha za waya. Basi waya hauchomoki, cheche hazitoki, na nyumba haiungui. Ni fundo dogo, lakini nyumba nzima inalitegemea.

Mwalimu anamwita mtu wa kwanza mbele. Anauficha waya, kisha anamweleza kwa maneno: shika hapa, pinda hivi, pitisha uzi wa kulia nyuma, uzi wa kushoto mbele, kisha uingize ndani ya kitanzi. Anaeleza kwa ufasaha na hakosei hata neno. Halafu anampa mtu yule waya na kumwambia afunge. Hawezi. Vidole vinababaika, na wenzake wanacheka.

Anamwita wa pili. Safari hii mwalimu hasemi neno. Anasimama kumkabili mwanafunzi, na mbele ya macho yake analifunga fundo vizuri kabisa, kisha anampa waya. Naye hawezi. Aliona vidole vikizunguka, lakini hakujua ni lipi katika aliyoyaona lililo la maana. Na kwa kuwa alisimama ana kwa ana na mwalimu, kushoto kwake kulikuwa kulia. Huyu, msomaji, ndiye kijana wetu wa gereji anayeambiwa kwamba mwenye macho atajifunza.

Ndipo mwalimu anapomwita wa tatu. Kwanza anamtuliza; anamwuliza kama amewahi kufunga waya wa taa, na anamwambia sababu ya fundo lile, ili ajue kwa nini linafaa kujifunzwa. Anamweka ubavuni pake, wote wawili wakitazama upande mmoja. Halafu anafunga polepole, hatua moja baada ya moja, na kila hatua anaitaja. Anarudia, na mara hii katika kila hatua anataja jambo lile dogo ambalo likikosekana kazi yote imeharibika: kwamba uzi huu upite nyuma wala si mbele, kwamba ncha hizi ziachwe na urefu kadha. Kisha anampa waya. Mtu anafunga, na mwalimu anasahihisha pale pale kabla kosa halijaota mizizi. Anamtaka afunge tena huku akieleza mwenyewe anachofanya na kwa nini, mpaka mwalimu aridhike kwamba mtu huyu hakubahatisha, bali anajua. Mwisho anamwambia afanye peke yake, anamwonyesha wa kumwuliza akikwama, na anaahidi kurudi kumtazama, mara nyingi kwanza, kisha mara chache.

Hatua zile nne utazitambua. Ni zile zile za Allen. Lakini nguvu ya kikao kile haikuwa katika hatua tu. Ilikuwa katika aibu ya wale wawili wa kwanza. Kila msimamizi aliyeketi pale alikuwa amewahi kumwita mfanyakazi wake mpumbavu kwa sababu hakuelewa, na sasa ameona kwa macho yake mtu mwenye akili timamu akishindwa kufunga fundo kwa kosa la aliyemfundisha. Idara iliwaambia wasimamizi waziwazi kwamba mwanafunzi asipojua kazi, aulizwe kwanza mwalimu. Fikiri jinsi neno hilo lilivyoligeuza gurudumu. Tangu zamani kiwandani ilikuwa desturi lawama ishuke chini. Sasa ilitakiwa ipande juu.

Kila msimamizi alipewa kadi ndogo ya kutia mfukoni, yenye hatua hizo upande mmoja, na upande wa pili mambo ya kutayarisha kabla ya kufundisha: kuigawa kazi katika hatua, kuweka vyombo vyote tayari, kupapanga mahali pa kazi kama patakiwavyo kuwa. Baadaye yaliongezwa mafunzo mengine mawili, moja la kuihoji kila sehemu ya kazi ili isiyo na faida iondolewe, na jingine la namna ya kukaa na wafanyakazi kwa haki: kutafuta kweli kabla ya kuamua, na kupima kabla ya kutenda. Hayo sitayaeleza kwa urefu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, watu zaidi ya 1,600,000 walikuwa wamepata hati za mafunzo hayo katika viwanda zaidi ya 16,000. Kwa hesabu ya idara yenyewe, katika viwanda vilivyoulizwa, asilimia 86 vilisema vimeongeza kazi yao kwa robo moja au zaidi. Hesabu kama hizi yafaa kuzipokea kwa tahadhari kidogo, kwa kuwa aliyeuliza ndiye aliyetaka kusifiwa, na wakati wa vita mambo mengi yalisukumwa mbele pamoja. Hata hivyo wanawake na wanaume waliotoka mashambani na jikoni waliunda ndege na merikebu kwa wingi ambao dunia haikupata kuuona kabla ya hapo, na hao walifundishwa na mtu fulani.

Kisha Marekani ikafanya jambo la ajabu: ikaacha. Mwaka ule ule wa 1945 idara ilifungwa. Viwanda vya Ulaya na vya Ujapani vilikuwa magofu, na Mmarekani angeweza kuuza chochote alichokitengeneza, kiwe kizuri au kibovu. Mwenye soko lisilo na mshindani haoni haja ya kufundisha mtu. Kadi zikabaki mifukoni mwa makoti ya kazi yaliyotundikwa misumarini.

Kule Ujapani hali ilikuwa nyingine. Miji ilikuwa imeungua, watu walikuwa na njaa, na nchi ilikuwa chini ya jeshi la Marekani lililoongozwa na Jenerali MacArthur. Wakuu wa jeshi hilo waliona kwamba nchi isiyo na kazi haitatulia, wakakumbuka mafunzo yale ya wakati wa vita. Mwaka 1951 Mmarekani aitwaye Lowell Mellen alikwenda Ujapani pamoja na wenzake wachache kuwafundisha walimu wa kwanza. Nao Wajapani waliyapokea mafunzo kama mtu aliyekuwa akingoja maji jangwani.

Miongoni mwa waliyoyapokea ilikuwako kampuni moja iliyokuwa karibu kufa. Toyota ilikuwa imeanzishwa mwaka 1937 na Kiichiro Toyoda, mwana wa mvumbuzi wa mashine za kufumia nguo. Mwaka 1949 serikali ilikaza fedha, magari hayakununuliwa, madeni yakaigubika kampuni. Mwaka 1950 benki ziliiokoa kwa masharti, na masharti hayo yalikuwa pamoja na kupunguza watu. Wafanyakazi waligoma kwa muda wa miezi miwili. Mwisho wa ugomvi, watu wapatao 2,000 walikuwa wametoka kazini, naye Kiichiro, aliyekuwa ameahidi kutomfukuza mtu, alijiuzulu. Alifariki Machi 1952, kabla ya kuona yaliyofuata.

Tusidanganyane: si mafunzo yaliyoifufua Toyota mara moja. Vita vya Korea vilianza Juni 1950, na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa maelfu. Fedha hizo ndizo zilizompa mgonjwa pumzi. Lakini pumzi si afya. Wengi walipata fedha za vita ile na hatuwasikii leo. Tuangalie basi Toyota ilifanya nini na pumzi hiyo.

Kuanzia mwaka 1951 wasimamizi wake walipewa mafunzo yale ya kufundisha kazi, na yaliikuta karakana iliyokuwa na shida ile ile ya gereji yetu. Taiichi Ohno, msimamizi aliyekuja kuwa mashuhuri, alikuwa na mafundi wa zamani, kila mmoja akitawala mashine yake kama sultani mdogo. Wa mashine ya kukereza hakugusa ya kutoboa, na wa kutoboa hakutaka kuigusa ya kukereza. Ohno alitaka mtu mmoja aweze kuendesha mashine kadha, na kazi ya kila mahali iandikwe na kutundikwa waziwazi, hata mgeni aisome. Mafundi walimpinga, na si ajabu. Alikuwa akiwataka watoe nje kile kilichofichwa mikononi mwao. Bila njia njema ya kufundisha, amri yake ingebaki kelele tu. Lile somo la kuigawa kazi katika hatua, na kutaja katika kila hatua jambo linaloishika, ndilo lililompa chombo. Somo la pili la Wamarekani, la kuboresha kazi, Toyota ililiacha baadaye ikatunga lake. La kufundisha ililishika karibu kama lilivyokuja.

Je, hofu ya fundi iliponaje? Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha mambo, ingawa wengi waandikao juu ya Toyota hupenda zaidi kueleza mashine zake. Maumivu ya mwaka 1950 yaliwafunza pande zote mbili. Kampuni ilikusudia kwamba wale waliobaki hawatatupwa tena kwa urahisi, na mwaka 1962 wakuu wake na chama cha wafanyakazi walitia sahihi tamko la kuaminiana. Mtu anayejua kwamba ataendelea kuwako kesho hana sababu ya kuuficha ujuzi wake leo. Naye tajiri anayejua kwamba mfanyakazi atakaa naye miaka 30 haoni hasara kumfundisha kwa mwaka mmoja. Katika kiwanda ambamo watu hufukuzwa kama kuku shambani, kadi ya mfukoni haifai kitu. Mwenye ujuzi ataufunga kifuani, na atakuwa na haki.

Matunda yake umeyaona. Ukipanda matatu, au ukipishana na pikapu ya mizigo katika njia ya vumbi, mara nyingi utasoma jina la kampuni hiyo nyuma yake.

Mwaka 1982 kampuni kubwa ya Marekani, General Motors, ilifunga kiwanda chake cha Fremont katika jimbo la California, kiwanda kilichosifika kwa ugomvi na magari mabovu. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wale wale wa zamani, na mamia kati yao walipelekwa Ujapani kujifunza. Muda si mrefu magari yaliyotoka Fremont yakakaribia kulingana na ya Ujapani kwa uzuri. Kiwanda hicho kiliendelea mpaka mwaka 2010.

Wakati wa kuyatayarisha mafunzo ya Wamarekani hao, kijana mmoja wa Kimarekani aliyeandikwa kazi na Toyota, John Shook, alikuwa akihangaika jinsi ya kuwaeleza watu wa kwao njia za Kijapani. Mkubwa wake, Isao Kato, alikwenda kwenye kabati la nyuma akarudi na kitabu cha Kiingereza kilichochakaa, kurasa zake zimegeuka manjano. Shook alikifungua. Kilikuwa ni kitabu cha mafunzo ambacho nchi yake mwenyewe ilikiandika wakati wa vita, na Kato alikuwa amekihifadhi kama alivyokipokea.